Mwaka wa Mkono wa Kushoto

Mwezi uliopita tulimzika Magdalena pale Makambako, kwenye shamba la mwanawe wa pili. Fundi alileta msalaba wa mbao usioandikwa kitu, na kopo la rangi nyeusi, akauliza nani ataandika jina. Vijana wakatazamana. Hakuna aliyetaka kushika brashi mbele ya umati ule. Mchungaji akasema, "Mpeni Mwalimu." Nikaletewa kigoda, nikakaa, nikashika brashi kwa mkono wa kushoto na kuandika jina la rafiki yangu bila kupiga mstari wa penseli. Nina miaka themanini na mitatu, na mkono haukutetemeka. Nilipomaliza, mjukuu mmoja wa marehemu, kijana wa chuo, alichuchumaa mbele ya msalaba akautazama kwa muda. "Bibi, mwandiko huu ulijifunzia wapi?" Nikamjibu, "Kwa Mchina." Wakacheka, ingawa tulikuwa msibani. "Wachina wa reli, Bibi?" Nikawaambia reli ilikuja nikiwa nimekwisha kufundisha miaka ishirini, Mchina wangu alikuwa mwanamke, na alikaa Njombe wakati wa Mwingereza. Nikaona wazi kuwa hawaniamini. Shahidi pekee aliyebaki wa mambo yale alikuwa ndani ya jeneza. Kwa hiyo naandika.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka chuo cha ualimu, na nimepangiwa shule ya wasichana ya misheni nje kidogo ya Njombe. Lori lilitufikisha Makambako asubuhi ya mvua ili tungoje jingine la kwenda Njombe. Makambako ya siku hizo ilikuwa njia panda, maduka machache ya mabati, na upepo. Nilikuwa nashuka huku nimeshika ukingo wa bodi, na utingo, ambaye hakuniona, akaurudisha mlango wa nyuma kwa nguvu zake zote. Maumivu hayakuja mara moja. Kilichotangulia ni sauti, kama mtu anavunja ukuni mkavu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi pale alinifunga mkono kwa khanga yake, akanipandisha lori la Njombe, na akapanda pamoja nami mpaka hospitali ya misheni, viazi vyake amewaachia wenzake. Jina lake sikulijua na sitalijua kamwe. Siku ya tatu daktari alikata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Kidole gumba kilibaki, lakini kigumu kama kigingi.

Mwalimu wa siku zile alikuwa ubao. Vitabu vilikuwa vichache, watoto wanne kwa kimoja, kwa hiyo kila walichojua kuhusu herufi walikiona mkononi mwa mwalimu. Na mwalimu mpya alikuwa wa majaribio mwaka mzima. Mwishoni Mkaguzi wa Elimu angekuja, angekaa nyuma ya darasa, na asiporidhika hupati cheti. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya hospitali, nangoja kubadilishiwa bendeji, niliposikia kupitia dirisha mkuu wetu wa shule, Bibi Hilda, akizungumza na Mchungaji. Bibi Hilda alikuwa mmisionari, mwanamke mrefu, mwenye haki, asiyependa kupoteza muda. "Nampenda," alisema, "lakini mwalimu asiyeweza kuandika ni nini? Mwaka huu afundishe nyimbo na usafi. Mkaguzi akimkataa, tutampa jiko la bweni. Jikoni pia ni kazi ya Mungu." Mchungaji akasema, "Ni kweli, ni kweli." Sina chuki na jiko, nimepika maisha yangu yote. Ila siku ile, kwenye lile benchi, niliona mlango ukifungwa, na waliokuwa wakiufunga walikuwa watu wema.

Aliyetoka na bendeji alikuwa Sista Sulan. Tulimwita Sista kama wauguzi wote, ingawa hakuwa mtawa. Alikuwa Mchina Mkristo, wa miaka arobaini hivi, aliyekuja na wamisionari walipolazimika kuondoka nchini kwake wakati wa mapinduzi. Alikuwa mfupi, nywele zake amezifunga kisogoni, na alisalimia kwa Kibena, "Kamwene," kwa namna iliyowafurahisha wazee mpaka wakawa wanapita hospitalini kusalimiwa tu. Naye alikuwa amesikia maneno ya ofisini. Aliufungua mkono wangu, akauosha, akaufunga. Kisha akaushika ule mwingine, wa kushoto, akaugeuza huku na huku kama mtu anunuaye kitu sokoni. "Na huu una ugonjwa gani?" aliuliza. Nikamwambia hauna ugonjwa. "Basi kesho saa kumi uje nyumbani kwangu. Uulete."

Msomaji wa leo huenda asielewe kwa nini halikuwa limenijia wazo hilo la kuandika kwa kushoto. Mkono wa kushoto kwetu ulikuwa na kazi zake, ambazo hazitajwi mezani. Hukumpa nao mtu kitu, hukusalimia nao, na shuleni mtoto aliyeshika kalamu kwa kushoto alifungwa mkono huo kwa kitambaa mpaka aache. Mimi mwenyewe, kwenye mafunzo, niliwafunga wawili. Nilipomweleza hayo kesho yake, Sista Sulan alifikiri kidogo, akasema, "Kalamu haimsalimii mtu, Berta. Inaandika."

Nyumba yake ilikuwa ya matofali, vyumba viwili, nyuma ya wodi ya akina mama. Chumba cha nyuma walikaa wauguzi wasaidizi, na kwa kuwa kitanda kimoja kilikuwa wazi, Bibi Hilda aliruhusu nilale hapo hadi mkono upone. Ndipo nilipokutana na Magdalena. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mnene, mcheshi, na alijua habari za kila nyumba kuanzia sokoni hadi Boma. Chumba cha mbele ndicho ninachokiona hata sasa nikifumba macho: sakafu ya saruji iliyopigwa nta, dirisha linaloangalia miti ya miwati, jiko dogo la mkaa kwa ajili ya baridi, na meza. Juu ya meza hakikuwapo kitu cha ovyo. Kulikuwa na jiwe jeusi lenye kishimo, la kusagia wino. Kipande cha wino mkavu. Brashi tatu za mpini wa mwanzi. Kando ya ukuta kulikuwa na ubao wa mraba wenye mistari mingi na vibakuli viwili vya kete, nyeusi na nyeupe, na juu ya kabati kitu kirefu kama mtoto aliyefungwa nguo, ambacho kilikuwa zeze lao la nyuzi saba. Alitupa chai isiyo na maziwa wala sukari katika vikombe vidogo kuliko ngumi ya mtoto. Magdalena alionja, akanitazama, akaninong'oneza kwa Kibena kwamba maskini Sista mshahara haumtoshi. Baadaye alizoea kuja na sukari mfukoni.

Sista alitueleza kuwa kwao, tangu kale, msomi alipimwa kwa mambo manne: kupiga zeze lile, kucheza kete zile, kuandika kwa brashi na kuchora kwa brashi. Cheo peke yake hakikutosha. Mtu angeweza kuwa hakimu wa jimbo zima, lakini kama mwandiko wake ulikuwa wa hovyo, watu waliousoma walisema: moyo wake pia ni hivyo hivyo. Baba yake alikuwa msomi wa namna hiyo. "Aliwafundisha kaka zangu," alisema. "Kazi yangu ilikuwa kuwasagia wino. Anayesaga wino anakaa karibu na meza. Nilisaga miaka saba." Alisema hivyo huku akipuliza chai yake, akaendelea na mambo mengine.

Nilidhani siku ya pili nitaanza kuandika. Nilianza kusaga. Wiki tatu nzima mkono wangu wa kushoto ulizungusha kile kipande cha wino juu ya jiwe, matone machache ya maji, polepole, bila kukwaruza. Nililalamika kwa Magdalena kwamba nyumbani nasaga ulezi vizuri kuliko huyu anavyosaga wino, na sikuja Njombe kusaga tena. Lakini siku moja niligundua kuwa mkono umeacha kuwa mgeni. Ulijua uzito wake. Kipande cha wino kilipokaribia kwisha, na hakuna duka la Njombe ambalo lingekiuza kingine, Sista alikusanya masizi ya taa, tukachemsha ngozi ya mbuzi hadi ikawa gundi, tukachanganya. Nyumba ilinuka siku mbili. Brashi mpya tulitengeneza kwa manyoya ya mbuzi huyo huyo. Ule wino wetu ulikuwa mweusi sawasawa na wa kwao, na Sista, ambaye hakuwa mtu wa kujisifu, aliuonyesha kwa daktari.

Kisha ukaja mstari mmoja. Mstari wa kulala tu, kutoka upande huu hadi ule, juu ya magazeti ya zamani, mara mia, mara mia mbili. Alinifundisha kuandika kiganja kikiwa hewani, kisiguse karatasi, nguvu itoke begani na si kwenye vidole. "Vidole ni wajumbe," alisema. "Usiwasikilize sana." Kwangu, niliyepoteza viwili, maneno hayo yalikuwa dawa bora kuliko zote nilizopewa hospitalini. Lakini mistari yangu ilikuwa mibaya. Ilitetemeka, ilipinda, ilinenepa mahali pasipotakiwa. Mwezi wa tano, siku ya baridi, Sista akiwa zamu, nilikaa peke yangu mezani nikaandika hadi nikalia. Nilichukua karatasi zangu nikazitupa kwenye kapu la taka, na mle ndani nikakuta rundo la nyingine. Zilikuwa mbaya kuliko zangu. Mistari ya mtoto wa darasa la kwanza, iliyopinda kama mguu wa nyuma wa mbuzi, karatasi baada ya karatasi. Nikawaka. Nikajua kuna mwanafunzi mwingine anafundishwa nami sikuambiwa, au mtu anaigiza maandishi yangu kwa kunicheka. Magdalena alipoingia nikamrushia rundo lile. "Ni nani huyu?"

Aliziangalia, akazikunja vizuri, akazirudisha kapuni. "Hujui kweli?" alisema. "Ni Sista. Kila alfajiri, kabla ya zamu. Anaandika kwa kushoto." Nikasema Sista haandiki kwa kushoto. "Ndiyo maana mistari ni mibaya," alisema Magdalena. "Kwao hakuna aandikaye kwa kushoto, ni mwiko kuliko kwetu. Alisema hawezi kukufundisha njia asiyoipita. Kila analokuambia saa kumi, amelijaribu alfajiri." Nilikaa kwenye kiti. Mwanamke yule, ambaye mkono wake wa kulia uliweza kuandika herufi zinazoonekana kama zinapumua, alikuwa akiamka kila siku ili awe mjinga pamoja nami. Katika maisha yangu nimepewa vitu vingi na watu wengi. Hakuna aliyenipa kitu kama hicho. Na sikumwambia kuwa najua. Nilizitoa karatasi zangu kapuni, nikazinyoosha, nikaandika upande wa pili.

Kabla ya hapo, mvua zikiwa zinaelekea kwisha, alikuwa amenipeleka kutazama mianzi. Alisema huwezi kuchora mwanzi ambao hujakaa nao. Tukaenda kwa miguu njia ya kwenda Matembwe, hadi shamba la mama mmoja mgema aliyeitwa Mama Sida. Sista alikaa kwenye jiwe, akakaa, akakaa, anatazama majani yakigeuka na upepo. Mama Sida alidhani tumekuja kunywa ulanzi, pombe inayogemwa kwenye ncha ya mwanzi iliyokatwa, tukaona haya kusema, akatuletea kibuyu kilichofunikwa kwa jani. Sista alikataa kwa heshima. Mama Sida akaniuliza kwa Kibena, "Basi anataka nini?" Nikamwambia anataka kuangalia. "Kuangalia nini? Mwanzi ni mwanzi." Nilimtafsiria Sista, naye akajibu kwamba wasomi wa kwao waliutazama mwanzi ili wajifunze kuishi: unainama kwa upepo na hauvunjiki, na ndani uko wazi, haujajaa majivuno. Mama Sida alisikiliza kwa makini, mikono kiunoni. Kisha akanitazama bendeji, akasema, "Mwambie na sisi tunaujua. Mwanzi usiokatwa ncha hautoi kitu." Nilipomaliza kutafsiri, Sista Sulan alisimama kutoka kwenye lile jiwe, akampa Mama Sida mikono miwili, kama mtu anavyomsalimia mwalimu wake.

Jumapili iliyofuata mzee mmoja wa kanisa alikuwa amekwisha kumweleza Mchungaji kwamba Sista na mwalimu mgonjwa wameonekana kilabuni. Magdalena ndiye aliyelimaliza jambo hilo. Alichukua mchoro wa Sista, mianzi mitatu na majani yake kwa wino mweusi, akaupeleka mwenyewe nyumbani kwa Mchungaji, akasema, "Baba, huu ndio ulanzi waliokunywa." Mchungaji aliutundika sebuleni kwake.

Nikimkumbuka Magdalena, namkumbuka pale mbele ya ubao wa kete. Jioni tulikula viazi na njegere, au chapati nyembamba alizopika Sista, zenye majani ya kitunguu, kisha wao wawili walicheza. "Bao hili halina mashimo," Magdalena alilalamika siku ya kwanza. "Tutakulaje?" Sista akasema, "Huli. Unamzingira mwenzako." Aliposhika maana yake hakukamatika. Mwezi wa tisa alimshinda Sista kwa mara ya kwanza, akatoka nje akakimbia kuizunguka hospitali, na wagonjwa wakadhani pamezaliwa mapacha. Mimi kete sikuziweza. Zeze nililipenda, lakini sikulipiga. Sista alilipiga Jumapili mchana, taratibu mno hata ilitubidi tusogeze vichwa. Magdalena aliuliza chombo hiki mbona kinamnong'oneza mwenyewe tu. "Ndiyo kazi yake," Sista alijibu. "Hakikutengenezwa kwa ajili ya watu wengi."

Nilikuwa nikiandika herufi zetu sasa, a hadi z, kwa brashi, na kuanzia mwezi wa nane kwa chaki, kwenye ubao wa zamani uliowekwa nyuma ya jiko la hospitali. Hapo ndipo nilipoona faida ya kiganja kilicho hewani. Anayeandika kwa kushoto huyafuta maneno yake mwenyewe kwa mkono unaofuata nyuma. Wangu haukugusa ubao. Sista alikwenda kwa Bibi Hilda, sijui alimwambia nini, lakini mwezi wa kumi nilipewa darasa la pili, kusoma na kuandika, wiki sita kabla ya Mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa Mwingereza mkavu, mwenye Kiswahili safi cha Pwani. Alikaa nyuma pamoja na Bibi Hilda. Niligeukia ubao, nikasimama miguu ikiwa imeachana kidogo kama nilivyofundishwa, nikaandika: Mto Ruhuji hutiririka mchana na usiku. Kabla sijafika mwisho nilimsikia akisema nyuma yangu, "Anatumia kushoto." Bibi Hilda akamweleza habari ya ajali, na ya jiko la bweni lililokuwa likiningoja. Alisubiri nimalize, kisha akasema, bila ukali, "Mwalimu, mwandiko wako ni mzuri. Nimeona wachache wa namna hii. Lakini watoto huiga. Nikikupa cheti, mwakani darasa zima litakuwa la kushoto."

Bibi Hilda alitazama viatu vyake. Nilijua kwamba nikiinamisha kichwa, mambo yamekwisha, na kila mtu atanihurumia. Nikasema, "Bwana Mkaguzi, wanaiga herufi, hawaigi mkono. Naomba uangalie vibao vyao." Akasimama. Alipita mstari kwa mstari. Wasichana thelathini na wawili walikuwa wameandika Ruhuji yao, na alikuwa akichukua kila kibao, anakitazama, anakirudisha kwa mwenyewe taratibu. Thelathini waliandika kwa kulia. Wawili waliandika kwa kushoto, kwa sababu hivyo ndivyo Mungu alivyowaumba na mimi sikuwafunga vitambaa. Alipofika kwa wa mwisho, mtoto wa Lupembe, alimuuliza, "Nani amekufundisha kuandika hivi?" Mtoto akaninyooshea kidole, akashangaa kwamba mtu mzima anauliza swali rahisi kama lile. Mkaguzi alirudi kwenye kiti, akaandika kwenye daftari lake kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Bibi Hilda, kwa sauti ya kutosha niisikie, "Jikoni mtafute mwingine."

Sista Sulan aliondoka mwaka uliofuata, kwenda kwa ndugu zake waliokuwa wamekimbilia ng'ambo. Tuliandikiana hadi barua zikaacha kuja. Magdalena akawa mkunga, akazalisha nusu ya Makambako. Mimi nilifundisha miaka thelathini na minne, na katika madarasa yangu hakuna mtoto aliyefungwa mkono. Nimepewa vyeti vingine, saa ya ukutani, na ng'ombe. Lakini nikiulizwa siku niliyojiona mtu, naitaja ile ile ya Mkaguzi, ila baadaye kidogo, kama saa tisa mchana.

Nilikwenda hospitalini nikikimbia, chaki bado iko mkononi. Sista alikuwa katikati ya wodi ya akina mama, anamfunga bibi kizee bendeji ya mguu. Nikasimama mlangoni, pumzi zimenikatika, nikasema, "Sista, nimepita." Hakuinua uso. Alimaliza kufunga, akapiga fundo, akaliangalia fundo. Akanawa mikono. Kisha akaja akanishika bega, akanigeuza niwatazame wale wagonjwa wote, na mwanamke yule ambaye kwa mwaka mzima sikuwahi kumsikia akipaza sauti, aliipaza.

"Mnamwona huyu?" alisema. "Huyu ni mwanafunzi wangu."